Benchi la seremala kwa mbao za paini: kisa cha fundi wa uani

Usuli

Mhusika ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Ufundi aliupata kwa kuwa msaidizi kwenye karakana ya mtu kwa miaka minne. Karakana ilipofungwa hakutaka kuanza upya kubeba mbao za wengine, akaamua kufanyia kazi uani, kwenye nyumba aliyopanga chumba. Ni mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Mtaa na majina nimeyaacha, na mambo ya familia yake nimeyabadili kidogo ili asitambulike. Vipimo, bei na makosa nimeviacha kama vilivyokuwa, maana humo ndimo somo lilimo.

Mimi ni seremala wa siku nyingi, na niliingia katika kisa hiki kama mtu aliyeombwa ushauri. Baadhi ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu.

Kijana alikuwa na msumeno wa mkono, randa mbili, patasi tatu, nyundo, guniya (kifaa cha kupimia pembe mraba) na keekee ya mkono, ya kutobolea matundu, aliyoachiwa na mjomba wake. Hakuwa na mashine yoyote. Kazi alizopata zilikuwa stuli, meza ndogo za sebuleni, milango ya makabati na mara mojamoja mlango mzima wa nyumba. Zote alizifanyia kwenye ngazi ya baraza: ubao juu ya kigoda, mguu juu ya ubao, msumeno mkononi. Wakati wa kuranda aliegemeza ncha ya ubao ukutani ili usimkimbie, mpaka plasta ikaanza kubanduka na mama mwenye nyumba akamwita.

Mama hakumfukuza. Alimpa masharti: ukuta usiguswe tena, kazi isimame magharibi ikiingia, na chochote atakachojenga uani kiweze kuondolewa, kwa sababu siku ya shughuli uani hufungwa turubai na kukaa wageni. Mlango wa kutokea uani una upana wa sentimita 75. Fedha aliyokuwa nayo ya kujengea benchi ni shilingi 150,000.

Benchi la kwanza

Alilijenga Jumapili moja. Miguu ilikuwa ya 2x2 (unene na upana wa ubao kwa inchi), juu akalaza mbao tatu za 1x8, akazungushia 1x4 chini yake kama fremu ya meza, na kila kitu akakifunga kwa misumari ya inchi nne. Kimo alichukua cha meza ya kulia chakula, sentimita 75, kwa kuwa meza ndiyo iliyokuwa karibu ya kupimia. Pamoja na usafiri alitumia shilingi 39,000.

Wiki ya kwanza alilifurahia. Wiki ya tatu lilianza kulia. Kila akisukuma randa, benchi lilikwenda nayo mbele kisha likarudi, na randa ikarukaruka ikiacha mawimbi juu ya ubao ambayo msasa ulishindwa kuyaondoa. Akitoboa kwa patasi tundu la ulimi, yaani la kuingizia ncha ya ubao mwingine, pigo lilidunda badala ya kuzama. Aliongeza misumari. Miguu ikapasuka kwenye ncha. Aliweka mawe mazito chini, juu ya vipande viwili vya kushikizia, na hilo likasaidia kidogo kwa siku mbili tatu.

Alipokuja kwangu alikuwa amekwisha kujitibu kichwani. Baada ya shikamoo tu akasema, "Mzee, tatizo ni mbao laini. Nikipata mninga wa inchi tatu nikaweka juu, halitatikisika." Alikuwa ameshaulizia bei. Uso wa benchi peke yake, mninga mtupu, ungemgharimu zaidi ya shilingi 400,000, na alikuwa anafikiria kukopa kwenye kikundi.

Mkopo ule ndio ulionifanya nifunge safari kwenda kuliona benchi kabla ya kumjibu lolote.

Jaribio la mkono mmoja

Jirani alikuwa anajenga, kwa hiyo saruji ilikuwepo. Nilimwomba kijana apandishe mifuko miwili juu ya benchi, yaani kilo 100. Mbao zilishuka kidogo katikati, miguu ikasimama vilevile. Tukaishusha.

Kisha niliweka kiganja kwenye ncha ya benchi, upande ambao randa husukumiwa, nikasukuma polepole kwa mkono mmoja. Uso wa benchi ulihama mbele na miguu ikabaki ilipo. Tulipima kwa tepu: sentimita 3. Nilipoachia, likarudi na kupitiliza kidogo upande wa pili.

Palikuwa na kipande cha 1x4 pale chini. Nilikiweka mshazari nyuma ya benchi, kutoka pembe ya juu ya kushoto hadi karibu na unyayo wa mguu wa kulia, nikapiga misumari miwili kila ncha. "Sukuma sasa." Alisukuma kwa mkono mmoja, halikusogea. Akasukuma kwa mikono miwili, kisha akalikita nyonga. Benchi zima liliteleza juu ya mchanga, miguu na uso kwa pamoja.

"Mzee, limehama lote," akasema, kama vile limeharibika.

Nikamwambia hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Likihama lote, dawa yake ni uzito. Likihama juu na kubaki chini, dawa yake ni viungo. Mninga usingemsaidia kitu, maana mbao ngumu juu ya miguu inayolala ingekuwa mzigo zaidi wa kuilaza.

Hapo ndipo kisa chote kiliposimamia. Kijana alikuwa amejenga meza. Meza kazi yake ni kubeba, na nguvu zinazoishukia zinatoka juu kwenda chini. Benchi la seremala linabeba kidogo tu, lakini linasukumwa mchana kutwa: randa inalisukuma kwa urefu, msumeno unalivuta, patasi inaligonga. Kiunzi cha pembe nne kisicho na kitu cha kuzuia pembe zake hulala upande kama katoni iliyotolewa kitako na kifuniko. Msumari hauwezi kuishika pembe hiyo muda mrefu. Kila msukumo huupanua mdomo wa tundu lake kwa unywele, na baada ya maelfu ya misukumo msumari unacheza ndani.

Maamuzi, na sababu zake

La kwanza tuliloamua ni kutolibomoa benchi la kwanza. Tulipiga mishazari mingine mitatu, miwili kwenye ncha na mmoja zaidi nyuma, kwa mbao chakavu, likaendelea kumfanyia kazi. Alikuwa na oda ya stuli 12 na mteja hakuwa wa kusubiri. Benchi bovu lililokazwa lilimpa wiki sita za kupanga benchi zuri bila njaa.

Mbao: paini, zile zinazoshushwa kwa malori kutoka Mafinga na Njombe. Ni rahisi kupatikana, bei yake anaimudu, na ulaini wake si ila kwa kazi hii. Uso laini ukigongana na mlango wa mteja, unaoumia ni uso wa benchi, na huo hurandwa ukarudi mpya. Mninga ukae kwenye mlango wa mteja, huko unalipiwa. Kitu kimoja tulichokataa ni mbao za dawa, zile zenye rangi ya ukijani zinazouzwa kwa ajili ya paa. Benchi hurandwa na kukatwa miaka yote, na vumbi la dawa hiyo halifai kuvutwa puani.

Umbo: tulichagua benchi lenye mbavu. Badala ya kutafuta uso mnene, unachukua mbao mbili pana, unazisimamisha kwa ubavu mbele na nyuma, urefu wote wa benchi, na miguu unaifunga kwazo. Ubao wa 2x8 ukilazwa hupinda kwa urahisi. Ubao uleule ukisimamishwa, ugumu wake wa kupinda ni mara 16, kwa sababu kimo chake kimekuwa mara nne na ugumu huongezeka kwa mraba wa uwiano huo. Mafundi wa paa wanalijua jambo hili kwa mikono yao, hawalazi boriti hata siku moja. Tena ubavu mpana hukumbatia mguu kwa sentimita 20 nzima, na humo ndimo pembe inamokatazwa kulala. Si jambo jipya. Peter Nicholson, fundi na mwandishi wa Uingereza, alikwisha kuchapisha mchoro wa benchi lenye mbavu namna hii mwaka 1812, na maseremala wa kule walilitumia.

Kimo kilileta ubishi. Nilimsimamisha wima, viatu vyake vya kazini miguuni, mikono ikining'inia, nikapima kutoka chini hadi kwenye kifundo cha mkono: sentimita 84. Yeye alitaka 90, kwa kuwa mgongo ulikuwa ukimuuma kwenye benchi la 75. Tukakubaliana 82, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuranda, na mwenye kuranda anahitaji kuushusha uzito wa mwili wake juu ya randa. Ukinyanyua benchi sana, mikono peke yake ndiyo inayofanya kazi na mabega yanachoka kabla ya adhuhuri. Kimo hiki kina hasara yake, nitaieleza mbele.

Jiriwa, au vaisi kama wengi tunavyoiita, kifaa cha skrubu cha kubania kazi, tuliiacha. Nzuri ilikuwa na bei ya kukaribia benchi zima, na ya bei nafuu tuliyoiona dukani meno ya skrubu yake yalikuwa yameanza kulika ikiwa mpya. Tukaamua kutumia kabari.

Mwisho, benchi lifunguke. Hilo lilitokana na sharti la mama mwenye nyumba. Fremu za miguu zipite mlangoni zikiwa nzima, na mbavu zifungwe kwa bolti.

Hesabu ilikuwa hivi. Ubao mmoja wa 2x8 wa futi 12 ukikatwa katikati hutoa mbavu mbili za sentimita 180, kwa shilingi 18,000. Mbao mbili za 2x6 hutoa vipande vinne vya uso, 26,000. Mbao tatu za 2x4 kwa miguu na vishikizo, 25,500. Ubao mmoja wa 1x8 kwa rafu ya chini, 10,000. Bolti nane za milimita 12 na washa pana 16 (visahani vya chuma vya kukalia bolti), shilingi 15,200. Skrubu 6,000, gundi ya mbao 7,000, mkokoteni 5,000. Jumla 112,700. Ukijumlisha na benchi la kwanza alivuka bajeti yake kwa shilingi 1,700.

Kukausha, na kosa langu

Mbao zilikuja mbichi, kama zinavyokuja nyingi sokoni. Ukiweka shavu juu yake unasikia ubaridi, na ukipiga msumari maji yanachuruzika kando ya kichwa chake. Tulizipanga uani chini ya bati, zimenyanyuliwa juu ya matofali, na kati ya kila ubao na mwenzake tukaweka vijiti vya unene mmoja, kimoja juu ya kingine kwa mstari ulionyooka, ili hewa ipite na mbao zisipinde.

Ili tujue zimekauka, nilimfundisha njia ya mizani. Tulikata kipande cha sentimita 30 kutoka kwenye 2x6, tukakipima dukani: gramu 1,500. Kila Jumamosi alikipima. Kilishuka hadi 1,300, kisha 1,150, kisha 1,050, na wiki ya tano kilisimama kwenye 1,000 na wiki ya sita kikabaki hapo. Nikamwambia, "Jenga."

Nilikosea. Maji hutoka kwenye ubao kupitia ncha zake upesi kuliko kupitia mgongo na tumbo. Kipande cha sentimita 30 karibu chote ni ncha. Ubao wa futi 12 una ncha mbili tu na kati yake kuna mita tatu na nusu za mbao ambazo hewa haizifikii kwa kasi hiyo. Kipande chetu kilikuwa kimekauka, mbao zetu bado. Athari yake tuliiona baadaye.

Kujenga

Miguu ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika kazi hii, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kila mguu ulitengenezwa kwa vipande viwili vya 2x4 vilivyogandishwa kwa gundi na skrubu, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Kirefu ni sentimita 77, kinakwenda mpaka chini ya uso wa benchi. Kifupi ni 57, na kinakaa upande wa nje. Tofauti yao, sentimita 20, ni kimo cha ubavu. Kwa hiyo ukivigandisha unapata mguu wenye bega tayari, bila kuchimba kwa patasi hata mara moja, na ubavu unakuja kukalia bega hilo huku mgongo wake ukigusa kipande kirefu. Unene wa ubavu ni sawa na unene wa kipande kifupi, kwa hiyo kwa nje kila kitu kinalingana. Mzigo wa juu unashuka kwenye bega, na bolti haina kazi ya kubeba. Kazi yake ni kuvuta tu, na kazi hiyo bolti inaiweza vizuri.

Kila mguu wa mbele uliunganishwa na mwenzake wa nyuma kwa vishikizo viwili vya 2x4, kimoja juu na kimoja sentimita 15 kutoka chini. Hapo ndipo alipotumia patasi: alichimba kila mguu kwa upande wake kina cha sentimita 2, kishikizo kikaingia kwa kubanwa, kisha gundi na skrubu. Alikuwa na haraka ya kukaza kwa skrubu bila kuchimba. Nilimzuia. Kingo za tundu lile ndizo zinazozuia fremu kulala kwa upana wa benchi, skrubu zinashika tu gundi ikiwa inakauka.

Kwenye kila mguu ubavu ulipokea bolti mbili, moja juu kushoto na nyingine chini kulia, zikiwa zimeachana sentimita 12 hivi. Bolti moja ingekuwa bawaba. Zikiwa mbili juu ya mshazari, mguu hauna pa kuzungukia. Vichwa vilizamishwa ndani ya mbavu ili visichubue kazi itakayobanwa hapo.

Uso uliundwa kwa nusu mbili, kila nusu mbao mbili za 2x6, na kati ya nusu hizo ukaachwa mwanya wa sentimita 3. Mwanya unapokea msumeno ukisimamishwa na klampu ikipitishwa. Nusu hizo zilifungwa kutoka chini kwa skrubu, kupitia vipande vya 2x2 vilivyotoka kwenye mbao za benchi la kwanza. Matundu ya skrubu kwenye 2x2 yalipanuliwa yawe marefu kidogo, ili uso ukinywea usipasuke. Hakuna chuma chochote juu ya uso. Mwenye kuranda anajua kwa nini.

Kusawazisha kulichukua siku nzima. Alikata vijiti viwili vilivyonyooka vya urefu wa sentimita 60, akaweka kimoja kila ncha ya benchi, akainama mpaka jicho likawa usawa wa kijiti cha mbele na kuangalia cha nyuma. Pembe ya kulia ya nyuma ilikuwa juu kwa unene wa sarafu. Akaranda hapo, akaangalia tena, akaranda. Jioni vijiti viwili vilionekana kuwa kimoja.

Upande wa kushoto, karibu na ukingo wa mbele, alitoboa tundu la mraba la sentimita 5 na kuingiza mti wa mninga uliobana, unaopanda na kushuka kwa kugongwa. Hicho ndicho kizuizi: ubao unaegemea hapo, randa inausukumia hapo, na ukuta wa mama mwenye nyumba umepumzika. Kwenye ubavu wa mbele alikaza kipande kinene chenye mdomo. Ubao ukisimamishwa kwa ukingo huingia mdomoni na kabari inapigwa kati yake na kipande. Kabari ya kwanza aliikata kwa mteremko wa moja kwa nne, ikawa inatoka kwa mtetemo wa randa. Ya pili, moja kwa nane, inashika mpaka uigonge kwa nyuma. Matundu sita kwenye ubavu, yaliyotobolewa kwa keekee, hupokea vigingi vya kubeba ncha ya pili ya ubao mrefu.

Matokeo

Nilirudia jaribio la mkono siku benchi lilipokamilika. Kwa mkono mmoja halikusogea. Kwa mikono miwili liliteleza. Rafu ya chini ikawekwa viroba viwili vya mchanga na sanduku la zana, na kuteleza kukaisha. Mbao peke yake, nikikisia kwa ujazo wake, zina kiasi cha kilo 70.

Baada ya mwezi mmoja na nusu alinipigia simu. Benchi limeanza tena. Nilikwenda, nikasukuma, likahama nusu sentimita. Bolti zote nane zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Mbavu na miguu zilikuwa zimeendelea kukauka na kunywea, na washa zilikuwa zinaelea. Kwa spana namba 19 tulikaza zote kwa dakika kumi na benchi likarudi kuwa jiwe. Alikaza tena mwezi uliofuata, robo mzunguko tu, na baada ya hapo hakuna kilicholegea. Ubao mmoja wa uso ulikuwa umeinuka kingo zake, ikabidi kurandwa upya.

Mwezi wa tano walikuja mchwa. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umekaa moja kwa moja juu ya udongo, na njia ya udongo ilionekana imepanda mpaka kwenye kishikizo. Alikwangua, akakata unyayo ulioliwa, akaweka kila mguu juu ya jiwe bapa. Alipaka pia oili chafu kwenye nyayo, kama wengi wafanyavyo. Mimi ningependa zaidi ile tabia ya kuangalia kila wiki, maana mchwa wakipita juu ya jiwe njia yao inaonekana.

Mwezi wa saba alihama nyumba. Benchi lilifunguliwa likaingia kwenye guta moja na kusimamishwa upya siku hiyohiyo.

Stuli iliyokuwa ikimchukua siku nzima sasa anamaliza mbili kabla ya magharibi, na mlango wa kwanza kamili alioufanyia juu ya benchi hilo ulilipa gharama zote.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni jaribio la mkono, kwa sababu lilitenganisha matatizo mawili ambayo kijana aliyaona kuwa moja. Kama ningemwambia tu kwamba mninga hauhitajiki, angenisikiliza kwa heshima kisha akakopa. Alipouona mshazari wa mbao chakavu ukilituliza benchi, mkopo ulikufa palepale.

Mguu wa vipande viwili ulizidi matarajio yangu. Kwa mtu asiye na mashine, bega la kuchimbwa kwa patasi mara nne ni siku mbili za kazi na nafasi nne za kukosea guniya. Hapa usahihi wote ulitokana na kukata vipande vinne kwa urefu mmoja.

Bolti zilituokoa kutoka katika kosa langu la ukaushaji. Kama tungeunganisha mbavu kwa gundi na misumari, kunywea kule kungepasua mbao au kulegeza viungo bila namna ya kuvikaza tena. Lakini tulichagua bolti kwa sababu ya mlango na shughuli za uani, tukapata faida nyingine bila kuipanga. Siwezi kujisifu kwa hilo. Ukaushaji wenyewe ulipaswa kufanywa vingine: ncha za kipande cha kupimia zipakwe rangi nzito au nta ili maji yatoke kwa mgongo tu, au upimwe ubao mzima.

Sharti la kufunguka nililielewa kupita kiasi. Nilimpangia kana kwamba atalifungua kila jioni. Kulifungua na kulifunga ni karibu nusu saa, na baada ya siku nne aliacha, akazungumza na mama mwenye nyumba vizuri, wakakubaliana libaki chini ya bati likifunikwa turubai, liondolewe siku ya shughuli tu. Mazungumzo hayo yangefanyika mwanzoni, kabla ya kuchora chochote, na nilipaswa kuyaomba mimi, kama mtu mzima.

Kimo cha 82 kilifaa randa na kikawa adhabu kwa kazi ndogo. Akikata viungo vya droo kwa patasi, anainama mpaka mgongo unauma kama zamani. Alijitengenezea kisanduku cha kimo cha sentimita 18 cha kuweka juu ya uso na kukibana kwa klampu mwanyani. Ningeliwaza hilo tangu mwanzo ningekichora pamoja na benchi, kwa vile vipande vya mbao vilibaki.

Kabari zinatosha kwa mbao na milango. Kwa kipande kidogo chenye umbo la mviringo hazitoshi, na hapo jiriwa ina nafasi yake. Ameshatoboa ubavu tayari kuipokea.

Sasa kuna benchi la pili linaloandaliwa, la mwenzake waliyekuwa naye karakana ileile. Mbao zimepangwa juu ya matofali chini ya bati, ncha zote zimepakwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti la mtu, na safari hii wanapima ubao mzima. Wanaupeleka kwenye mizani ya duka la mkaa kila Jumamosi, mmoja mbele, mmoja nyuma.